Breki Huanzia Mkononi

Watu wanaokuja kuitazama baiskeli ya mlimani iliyokwisha kutumika, wakiikuta imefungwa diski, aghalabu huinama kwanza kwenye gurudumu, wakaitazama ile sahani ya chuma inavyong'aa, wakaigusa kalipa, yaani kibanio chake, kwa ncha ya kidole, wakaridhika. Na ni wachache mno, katika wote niliowahudumia tangu nilipoushika ufundi huu, waliopata kuanza uchunguzi wao kwenye usukani, kwenye kile kipande chembamba kinachovutwa kwa vidole viwili au vitatu, ilhali kipande hicho ndicho kinachoamua kama diski ile itamsimamisha mpandaji au itamwacha aende na mteremko. Baiskeli za namna hii zaendelea kushushwa katika bandari zetu, nyingi zikiwa zimepita mikononi mwa watu wawili watatu huko Ulaya na Japani kabla ya kutufikia, na kila aliyeimiliki ameondoa hiki na kutia kile kwa kadiri ya uwezo wake na haja yake. Kwa sababu hiyo naona ni wajibu wangu kuyaandika niliyojifunza juu ya mkono wa breki na diski yake, maana ni jambo ambalo nimeliona likiwaumiza watu waangalifu na wenye akili timamu.

Ufundi niliupata Tanga, katika Ngamiani, mtaa ambao barabara zake huitwa kwa namba, ndani ya kibanda cha mjomba wangu aliyekuwa akitengeneza Raleigh za Kiingereza na Phoenix za Shanghai tangu siku za ujana wake. Breki za baiskeli hizo zilikuwa za fito za chuma, hazina waya hata mmoja: mkono uliolala chini ya usukani huuvuta ufito, ufito huo ukauvuta mwingine kwa kiungo, na mwisho wa safari hiyo raba mbili zikainuliwa na kuibana rimu kwa upande wake wa ndani. Breki hizo hazikuwa kali, na wakati wa masika zilikuwa dhaifu zaidi, walakini zilikuwa na fadhila moja ambayo sikuitambua illa baada ya miaka mingi, nayo ni kwamba mkono, fito na raba vilitoka pamoja katika kiwanda kimoja, vimekwisha kupimwa na kulinganishwa na aliyevitengeneza, hata fundi hakuwa na sababu ya kujiuliza kama mkono huu wafaa breki ile. Kazi yake ilikuwa kukaza nati, kutia mafuta kwenye viungo na kubadilisha raba zilizolika.

Baiskeli ya mlimani ilikuja na tabia nyingine kabisa, na mtu akiijua asili yake hatastaajabu. Katika jimbo la California huko Marekani, karibu na mlima Tamalpais, vijana waliokuwa na baiskeli nzito za zamani walianza kushindana kuteremka njia ya vumbi yenye mwinamo mkali, na shindano la kwanza walilifanya tarehe 21 Oktoba 1976. Breki walizokuwa nazo zilikuwa zile za kukanyaga pedali kwa nyuma, ambazo zimo ndani ya habu, na kwa ukali wa mteremko habu hizo zilipata moto hata grisi ikaungua na kutoka kwa moshi, na mpandaji akifika chini hana budi kuifungua habu yake na kuijaza grisi mpya kabla ya kurudi tena juu. Kutokana na kazi hiyo ya kujaza upya njia yenyewe ikaitwa Repack. Walipochoka na taabu hiyo walitafuta breki za kantileva zilizokuwa zikifungwa kwenye baiskeli za safari ndefu, wakazivuta kwa mikono mirefu iliyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki. Na hivyo chombo hiki, tangu siku za kuzaliwa kwake, kilikuwa kikikusanya viungo vya vyombo vingine na kuvifundisha kufanya kazi pamoja. Kampuni ya Specialized ilipoanza mwaka 1981 kuuza Stumpjumper, iliyotengenezwa kwa wingi kiwandani, desturi ya kantileva ilikuwa imekwisha kukaa. Mwaka 1996 Shimano wakaleta breki ya V, yenye mikono miwili mirefu iliyosimama kando ya rimu, na haukupita muda mrefu zikaenea diski zinazovutwa kwa waya. Zama hizo tatu ziliacha mikono ya breki inayofanana kwa umbo, kwa rangi na kwa namna inavyofungwa usukanini, lakini haifanani kabisa kwa kazi. Na tafauti hiyo ndiyo iliyonileta kwenye karatasi hii.

Mjomba alinieleza jambo hili kwa mlango wa kibanda chetu. Aliniambia niusukume kwa kidole karibu na bawaba, nikaona taabu. Kisha akaniambia niusukume kwenye ukingo wake wa mbali, ukaenda kwa urahisi, ila kidole changu kilikwenda mwendo mrefu. Mkono wa breki hauna siri nyingine. Una pini inayoushika kwenye usukani, nayo ndiyo egemeo, na una mahali ambapo kichwa cha waya hukaa. Waya ukikaa karibu na pini, mkono huvuta waya mfupi kwa nguvu nyingi, na huo ndio mkono wa kantileva. Ukikaa mbali na pini, huvuta waya mrefu kwa nguvu chache, na huo ndio mkono wa breki ya V, ambao huvuta waya karibu mara mbili ya ule wa kantileva. Hakuna ulio bora kuliko mwenziwe. Kilichopungua mkononi hutimizwa na breki, na kilichozidi mkononi hupunguzwa na breki, maadamu viwili hivyo vimekusudiwa kuishi pamoja.

Sasa ipo sababu ya yakini kwa nini diski nyingi za waya zilizotengenezwa kwa baiskeli za mlimani zahitaji mkono wa V na si wa kantileva. Raba zinazobana rimu ya baiskeli ya inchi 26 hufanya kazi mbali na katikati ya gurudumu, kiasi cha milimita 270 hivi, ilhali pedi zinazobana diski ya milimita 160 hufanya kazi milimita sabini na kitu tu kutoka katikati. Ili kulizuia gurudumu lile lile kwa kadiri ile ile, diski lazima ishikwe kwa nguvu zaidi ya mara tatu ya zile zinazoshika rimu. Nguvu hizo kalipa huzipata kwa kuugeuza mwendo mrefu wa waya kuwa mwendo mdogo sana wa pedi: mkono mdogo ulio ubavuni mwa kalipa huzunguka, gololi zilizomo ndani au mteremko uliochongwa katika chuma hugeuza mzunguko ule kuwa msukumo, na pedi husogea kwa kiasi kisichofika milimita moja. Kwa hiyo kalipa ina haja kubwa ya waya. Ukiinyima waya huwezi kuifidia kwa kubana zaidi, hata ukiwa na vidole vya mvuvi wa jarife, kwa sababu kilichokosekana ni mwendo, na mkono ukisha kugota kwenye ushikio hakuna mwendo uliobaki.

Nilikuwa tayari ninaujua ukweli huu kwa kichwa siku alipotujia mwalimu mmoja kijana aliyekuwa akifundisha katika milima ya Usambara, juu ya Soni, lakini sikuwahi kuuona ukiwa na sura ya mtu. Alikuja kwa basi, baiskeli yake imefungwa juu ya paa, na goti lake lilikuwa limefungwa kitambaa. Aliingia akaamkia, "Shikamoo, mzee," na mjomba, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuniachia kazi nzito na kubaki akikaa mlangoni, akaitikia, "Marahaba, mwalimu, karibu. Milimani hamjambo?" Baada ya kuulizana hali, mwalimu akatueleza kuwa baiskeli ile aliinunua imetumika, fremu yake ya chuma ikiwa nzuri na ya zamani, ya siku za kantileva, na kwamba aliyekuwa nayo kabla yake alikwisha kuitia foki yenye springi na gurudumu la mbele lenye mahali pa diski. Yeye mwenyewe, kwa kuwa matope ya Usambara hulowesha rimu na kuzifanya raba ziteleze mpaka mtu apoteze imani, alinunua kalipa mpya ya waya pamoja na diski ya milimita 160, akampa fundi aliyekuwa karibu naye akazifunga.

Ilifanya kazi vema siku za kwanza. Fundi yule alikuwa amezisogeza pedi karibu mno na diski, hata zikawa zinasikika zikigusa kila gurudumu linapozunguka, na kwa ukaribu huo mkono uliweza kufika. Kisha mwalimu akapata safari ya kuteremka Mombo. Barabara ile kutoka Lushoto, yenye urefu wa kilomita thelathini na kitu, hushuka karibu mita elfu moja kwa kona zilizoshikana ubavuni mwa mlima, na mtu mwenye mzigo juu ya keria hushika breki kwa muda mrefu bila ya kuziachia. Pedi mpya zililika kidogo, waya ukajinyoosha kama unavyojinyoosha kila waya mpya, ganda lake likajikaza mahali pake, na vyote hivyo vikajumlika kuwa milimita chache. Chini ya Soni, akiingia katika kona, alivuta mkono ukaja wote mpaka ukagusa ushikio, na baiskeli ikaendelea kwenda. Alikuwa na busara ya kuigeuza upande wa mlima na kuiparamisha kwenye udongo, akaumia goti. Upande wa pili wa barabara hapana udongo wa kuparamia.

"Breki ni nzima, mzee wangu," alituambia, "tazama, hata rangi yake haijachubuka. Nadhani nimeuziwa pedi mbovu."

Mjomba hakuitazama breki. Alinyoosha mkono akaushika mkono wa breki, akauvuta na kuuachia, akauliza, "Breki umebadilisha, mwalimu. Na huu je?"

"Huo haukuwa na kasoro."

"Haukuwa na kasoro kwa breki iliyoondoka."

Tuliufungua. Nilifunga uzi mwekundu kwenye waya, mahali unapoingia katika ganda lake, nikavuta mkono mpaka mwisho na kupima kwa rula uzi ulikwenda kiasi gani. Kisha nikatoa ndani ya sanduku letu la vikorokoro mkono wa V uliotoka katika baiskeli nyingine, nikaufanyia vivyo hivyo, na uzi ukaenda karibu mara mbili. Mwalimu alisimama akiutazama uzi ule kwa muda. Alikuwa mtu wa hesabu, na hakuhitaji maneno zaidi.

Kazi yenyewe haikuwa sahali, kwa sababu katika baiskeli nyingi za miaka ile mkono wa breki na chombo cha kubadilishia gia vimeunganishwa katika umbo moja, na huwezi kuutoa mmoja ukamwacha mwenziwe. Ilibidi tuondoe vyote, tutie mikono ya V, kisha tumtafutie vibadilishi vya gia vinavyosimama peke yake, vya kusukumwa kwa kidole gumba. Gharama hiyo ndiyo iliyomfanya fundi wa kwanza auache mkono wa zamani, na siwezi kusema kuwa hakuwa na huruma kwa mfuko wa mteja wake. Walakini huruma ya namna hiyo haistahili kufanywa kwenye breki. Mwalimu alipanda na kushuka na baiskeli ile masika yote yaliyofuata, na nilipomwona tena haja yake ilikuwa pedi mpya tu, zile za kwanza zikiwa zimelika kwa haki.

Kosa lililo kinyume cha hilo ni la hatari zaidi, kwa kuwa lina sura ya uzima. Kalipa za diski za waya hutengenezwa kwa namna mbili, za mlimani na za baiskeli za barabarani zenye usukani uliopinda, na hizi za pili zimekadiriwa kwa mikono inayovuta waya mfupi. Avid BB7, ambayo ni kalipa mashuhuri na iliyo imara sana, ipo ya namna zote mbili, na asiyeisoma alama yake kwa makini huweza kuichukua moja akidhani ameichukua nyingine. Kalipa ya barabarani ikivutwa kwa mkono wa V, waya mwingi huingia kwa ghafula, pedi huishika diski mara moja, na mkono husimama mgumu kabla ya kwenda hata nusu ya safari yake. Mnunuzi akiubana pale dukani hufurahi, husema breki hii ni kali. Na kwa kweli ameufurahia udhaifu wenyewe, kwa sababu ugumu ule watokana na mkono kukosa nguvu za kuisukuma pedi zaidi. Juu ya sakafu hadhuriki. Akiwa katika mwendo, na mtoto ameketi juu ya keria, atabana kwa vidole vyote na gurudumu litapunguza kasi pole pole tu.

Kwa hiyo siku hizi sikubali tena kuhukumu breki kwa ugumu wa mkono wake. Hupima umbali kutoka pini ya egemeo mpaka mahali pa kichwa cha waya: ukifika yapata milimita 30 au ukizidi, mkono ule ni wa waya mrefu, ukipungua hapo, ni wa waya mfupi. Ipo mikono yenye mahali pawili pa kuweka kichwa cha waya, na ipo ambayo umbali huo husogezwa kwa skrubu, na mwenye mikono kama hiyo amshukuru aliyemtangulia, lakini ahakikishe kuwa umewekwa panapostahili. Kisha huisoma kalipa. Kisha hutoka nje na kuipanda, hubana breki ya mbele kwa vidole viwili katika mwendo wa wastani, kwanza taratibu, halafu kwa nguvu. Mkono ukikaribia ushikio, waya haukutosha. Ukisimama mapema ilhali mimi bado naenda, nguvu hazikutosha. Chombo kidogo cha roda, cha kufungwa katikati ya waya ili kurefusha au kufupisha mwendo wake, nacho kipo, na nimewahi kukitumia pale ambapo mkono haukuweza kubadilishwa kwa vyovyote. Walakini ni kiungo kingine cha kuingia mchanga na kuulia waya, na mkono uliostahili hushinda.

Kuna hila ambayo mafundi wengi huifanya kwa nia njema, nami naomba iachwe. Wakiona mkono unakwenda mbali, hukaza waya pale kwenye kalipa mpaka ule mkono mdogo wa ubavuni unakuwa umekwisha kuinuka hata kabla mpandaji hajagusa kitu. Mwendo waliouokoa juu wameuiba chini, kwa kuwa kalipa ilipaswa kuanza katika mapumziko yake kamili, na sasa safari yake imefupishwa. Pedi zikilika zaidi, mkono ule mdogo hugota mwisho wake na breki hufa. Pedi zilizolika husogezwa kwa kirekebisho chake, ambacho katika BB7 kipo pande zote mbili kwa kuzungusha kwa vidole, na katika kalipa nyingi nyingine kipo upande wa pedi isiyosogea, kwa spana ndogo ya pembe sita. Pedi hiyo isiyosogea iwekwe karibu sana na diski bila ya kuigusa, maana pedi nyingine ikisukuma huipinda diski kidogo kuielekea, na umbali wote wa kupinda ni mwendo uliopotea.

Hali kadhalika ganda la waya. La breki limesukwa kwa chuma kilichozungushwa, na la gia limepangwa nyuzi zilizonyooka. La gia likitiwa kwenye breki huonekana gumu na zuri, kisha siku ya kubana kwa nguvu nyuzi zake hupasuka zikatawanyika. Pwani kwetu chumvi ya hewa huula waya kutoka ndani bila ya kuonekana, na mkono uliolinganishwa sawasawa huonekana mbovu kwa sababu ya waya ulioshika kutu. Waya na ganda vibadilishwe pamoja, na ganda likatwe kwa urefu wa haja tu.

Na foki ambayo haikutengenezwa kuwa na diski isichomelewe kipande cha kufungia kalipa. Mguu wa kushoto wa foki ya zamani haukukadiriwa kubeba nguvu hizo peke yake, na moto wa kuchomelea huudhoofisha zaidi. Wateja wameniomba, wengine wakanikasirikia nilipokataa. Mwenye foki hiyo atie breki ya V iliyo safi, yenye raba nzuri, na atateremka salama.

Wauzaji wa vipuri vilivyotumika nawaomba jambo moja: mnapoivua breki kutoka baiskeli moja, msiitenge na mkono wake, vifungeni pamoja kwa kipande cha waya, muuze pamoja, hata kama bei itapanda kidogo. Nanyi mafundi wenzangu, mteja akija na diski mkononi akitaka kufungiwa, mwulizeni kwanza kuhusu mikono iliyoko usukanini, na kama haifai mwambieni kabla hamjashika spana. Jozi ya mikono ya V iliyotumika, hapa Ngamiani, haijapata kufika bei ya kalipa moja.